Kula na Kutembea Dodoma: Mjini Kati, Area D, Kisasa au Msalato?

Mgeni akishuka Dodoma huuliza swali moja: wapi wanakula vizuri? Jibu lake hubadilika kabla jua halijazama. Majengo, ambako saa moja asubuhi supu inakufuta usingizi, saa mbili usiku imebaki na mabanda yaliyofungwa. Bustani za Area D zinazojaa Ijumaa jioni, ukienda Jumanne mchana utamkuta mhudumu anapanga viti. Msalato nayo siku sita za juma ni kando ya barabara tu, ila Jumamosi moshi wa nyama unauona kabla hujafika. Ndiyo maana hapa tunalinganisha kwanza kwa saa na siku, jina la mtaa linafuata.

Chanzo cha hali hii ni namna mji ulivyokua. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulitolewa 1973, hadhi ya jiji ikaja tarehe 26 Aprili 2018. Mji wa zamani, ule uliozunguka reli, ni mdogo na unatembeleka kwa miguu. Uliojengwa baadaye umetawanyika, kila eneo na barabara zake pana na majina ya herufi, na kutoka moja kwenda jingine unahitaji daladala au bajaji. Anayedhani atakula Majengo, apande kilima, anywe mvinyo Hombolo na kurudi Kisasa jioni hiyohiyo ataimaliza siku barabarani.

| Eneo | Saa yake | Cha kufuata | Kinachokera |
|---|---|---|---|
| Majengo na Sabasaba | Saa 12 asubuhi hadi saa 8 mchana | Supu, ugali wa mtama na mlenda | Msongamano, hukai muda mrefu |
| Uhindini na Nyerere Square | Asubuhi, kisha jioni mapema | Chai, sambusa, matembezi | Jumapili maduka mengi hufungwa |
| Area C na Area D | Saa 11 jioni kuendelea | Nyama choma, bustani tulivu | Siku za Bunge kujaa na kusubiri |
| Kisasa na Ilazo | Saa 12 jioni hadi usiku | Kitimoto (nyama ya nguruwe), kuku, baa za mtaani | Kelele, mbali na vya kutazama |
| Msalato | Jumamosi, saa 5 hadi saa 10 | Mnada na nyama ya mbuzi | Vumbi, jua, usafiri wa kurudi |
| Vijiji vya zabibu | Agosti na Septemba | Zabibu shambani, mvinyo | Bila miadi huoni kitu |

Umeshukia wapi?

Hili huwa halihesabiwi, na ndilo linaloamua mlo wa kwanza. Mabasi ya mikoani yanaishia stendi kuu ya Nzuguni, upande wa mashariki, jirani na Soko Kuu la Ndugai. Treni ya reli ya kisasa (SGR), iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma tarehe 25 Julai 2024, inakushusha upande wa Mkonze. Aliyekuja na basi yuko karibu zaidi na Kisasa na Ilazo. Kwenda kwanza Majengo na mizigo mkononi ni kujichosha. Aliyekuja na treni ya asubuhi anaingia mjini kati moja kwa moja na supu anaikuta bado.

Aliyefika usiku asiende kutafuta ugali wa mtama. Chakula hicho ni cha mchana. Usiku atapata chipsi, mishkaki na kuku, vitu ambavyo hata kwao vipo.

Asubuhi: Majengo au Uhindini

Majengo ni soko na watu wake wanaamka mapema, kwa hiyo supu inakuwa tayari saa kumi na mbili. Tatu zinazopatikana zaidi ni supu ya mbuzi, ya utumbo na ya makongoro. Kama hujawahi kuichagua supu kwa makini, anza na makongoro, kwa sababu haidanganyi. Miguu ya ng'ombe iliyochemka usiku kucha kwa moto mdogo hutoa ute, na mchuzi wake ukiunywa, midomo inanata kidogo ukiibana. Isiponata, ama sufuria imechemka saa chache tu, ama imeshaongezwa maji. Kuongeza maji huanza kadiri wateja wanavyozidi, mara nyingi kuanzia saa tatu. Bakuli la saa moja na bakuli la saa nne, sufuria ileile na bei ileile, si chakula kimoja.

Muombe mama akuwekee ndimu pembeni, isikamuliwe jikoni. Chapati ishikwe kabla ya kuagizwa: ya kusukuma iliyopikwa asubuhi hiyo inakunjika bila kupasuka, ya jana iliyopashwa moto inavunjika pembeni na kuacha mafuta mkononi. Lipa ukishakula, lakini uliza bei kabla ya kukaa, na useme kabisa kama unataka nyama nyingi au mchuzi mwingi, maana bei hutofautiana.

Uhindini ni kinyume chake kwa mwendo. Hizi ni zile barabara zenye namba, ya Sita, ya Saba na wenzake, zenye nyumba za zamani za wafanyabiashara wenye asili ya Asia, duka chini na makazi juu. Hapa kifungua kinywa ni chai ya maziwa yenye tangawizi, sambusa, bagia na kachori, na unaweza kukaa nusu saa bila mtu kukusimamia akitaka kiti. Ijumaa mchana, baada ya swala, ni siku ya pilau na biriani. Ukichelewa kupita saa nane utapewa wali uliobaki chini ya sufuria. Mwezi wa Ramadhani sehemu nyingi za mjini kati hufungwa mchana na kufunguka jioni kwa futari, kwa hiyo mlo wako wa mchana uhamishie Sabasaba au kwenye migahawa ya maeneo ya ofisi.

Tunaposhauri: mwenye njaa ya kazi aende Majengo, mwenye miadi ya saa nne na nguo nyeupe aende Uhindini. Majengo utatoka na tone la mchuzi, ni suala la lini tu.

Ukishakula, upande huu ndio wenye matembezi ya karibu. Stesheni ya zamani ya reli ya kati, reli iliyojengwa na Wajerumani, bado ipo, na mbele yake hoteli kongwe ya wasafiri wa reli. Nyerere Square ina sanamu ya Mwalimu na vivuli vya kukaa. Kanisa Kuu la Anglikana na Msikiti wa Gaddafi, uliojengwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa 2010, vyote vinafikika bila safari ndefu. Msikitini usiende muda wa swala kama si kuswali. Nje ya muda huo mkute mlinzi au mzee wa msikiti, msalimie, omba ruhusa. Kina mama wajifunike kichwa, kina baba wasivae kaptula. Ruhusa hiyo huombwa kwa mdomo, simu ya kupigia picha ikiwa bado mfukoni.

Kuna hazina moja watu wanaipita: makumbusho ya miamba na madini kwenye ofisi za Taasisi ya Jiolojia, barabara ya Kikuyu. Ni ndogo, saa moja inatosha, lakini ukitoka humo utaelewa kwa nini vilima vya Dodoma ni mawe yaliyopandana vile. Ni ofisi ya serikali, kwa hiyo Jumamosi na Jumapili usijisumbue. Nenda kati ya saa tatu na saa nane, siku ya kazi.

Mchana: hapa Sabasaba na Majengo hazina mshindani

Ukitaka kujua Dodoma inakula nini, ni saa sita na nusu, ni ugali wa mtama au uwele, na ni mlenda. Ukanda huu una msimu mmoja wa mvua, takriban Desemba hadi Aprili, na mvua yenyewe haitabiriki. Mahindi yakishindwa, mtama na uwele vinavumilia. Majani ya mlenda huchumwa wakati wa mvua, hukaushwa juani, husagwa kuwa unga na kuwekwa akiba ya kiangazi. Kwa hiyo mlenda unaokula Septemba ni mvua ya Februari.

Upishi wake ni mfupi, na makosa yake yanajulikana. Maji yachemke, yawekwe magadi kiasi cha kubana kwa vidole viwili, unga wa mlenda unyunyizwe huku ukikorogwa, kisha karanga zilizosagwa zifuate na moto upunguzwe. Magadi yakizidi utasikia ladha ya sabuni nyuma ya ulimi, na hakuna nyanya wala chumvi itakayoificha. Karanga zikiwekwa mapema zinashika chini ya sufuria na chakula chote kinanuka moshi. Kosa la tatu ni mchanga: majani yaliyoanikwa chini bila mkeka, yakasagwa bila kupepetwa, yanaleta chembe zinazokwaruza meno. Tonge la kwanza litafune taratibu. Ukisikia mchanga, achana na bakuli hilo, kwa sababu hata ukilirudisha jikoni mchanga hautoki.

Ugali wa uwele ni mweusi wa kijivu na mzito kuliko wa sembe. Tonge liwe dogo, libonyezwe kidimbwi, lizungushwe kwenye mlenda na kukatwa kwa mkono upande mmoja ili ute usikufuate hadi kwenye shati. Mama lishe akiona unahangaika atakuelekeza, usione haya. Usile kwa kijiko.

Si kila banda lina mlenda, na wengi hupika sufuria moja tu. Ulizia asubuhi unapokunywa supu: "Mama, leo kuna mlenda? Nitarudi saa sita." Ukisema hivyo unawekewa. Ukifika saa nane bila kusema utakula wali na maharage.

Je, vyuoni na maeneo ya serikali? UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007 upande wa Chimwaga, kina vyakula vya bei ya wanafunzi, wali mwingi na maharage, na mandhari ya mji wote ukiwa juu kule. Lakini eneo lake ni kubwa mno, koleji hadi koleji ni safari, na likizo vibanda vingi hufungwa. Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, unakula vizuri mchana wa siku ya kazi tu, pamoja na watumishi. Kama huna shughuli huko, usiende kwa ajili ya chakula.

Jioni: Area D au Kisasa?

Hapa ndipo ubishi ulipo, na tunachukua upande.

Area C na Area D zina bustani, miti, na nafasi kati ya meza. Mtu anakuja na familia, watoto wanacheza, mazungumzo yanasikika. Nyama inachomwa taratibu kwa sababu wateja hawana haraka. Kisasa na Ilazo ni makazi ya watu wa rika zote, baa zimesogeleana, muziki unapishana na runinga ya mpira, na jiko liko barabarani unaliona. Bei za Kisasa kwa kawaida ni nafuu kidogo kwa kilo, na uchaguzi ni mwingi: hapa kitimoto, pale mishkaki, ng'ambo kuku.

Kwa mlo wa kwanza wa nyama choma Dodoma, tunachagua Area D, isipokuwa wakati mmoja: Bunge la bajeti, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni. Miezi hiyo mji unafurika wabunge, maofisa na wageni wao. Gesti za karibu zinajaa, na kilo ya mbuzi uliyoagiza saa moja unaipata saa tatu. Na jiko likizidiwa, mchomaji huongeza moto, nyama inaungua nje na kubaki na damu kwenye mfupa. Miezi hiyo nenda Kisasa, au upige simu alasiri na kuagiza nyama iwekwe motoni saa kumi na moja.

Wiki ambazo Bunge limeahirishwa tatizo linageuka. Wateja wanapungua, nyama inakaa. Siku hizo usichague kwa uzuri wa bustani, chagua kwa idadi ya watu. Sehemu yenye meza kumi zilizojaa imechinja leo.

Hesabu za kilo ni hivi. Kilo moja ya mbuzi mbichi yenye mifupa, ikichomwa, inapungua karibu theluthi. Inatosha watu wawili wenye njaa, au watatu wakiongeza ndizi za kuchoma au ugali. Nenda mwenyewe buchani kwenye baa hiyo, chagua sehemu, tazama mshale wa mizani ukisimama kwenye sifuri kabla nyama haijawekwa. Mbavu zinaiva haraka na zina mafuta. Paja lina nyama nyingi lakini likiharakishwa linakuwa gumu. Choma nzuri ni dakika 45 hadi saa moja. Ukiletewa baada ya dakika 15, ilikuwa imeshachemshwa au kuchomwa kwa mteja mwingine.

Kitimoto, ambacho Kisasa na maeneo mengi ya baa kinapendwa, kina sharti lake: kiive mpaka ndani. Nguruwe wanaoachwa kuzurura hubeba tegu, na moto wa juujuu hauui kitu. Vipande viwe vidogo, kikaangwe au kichomwe mpaka maji yakauke na kisiwe na rangi ya waridi popote. Mchomaji akikwambia "kikiwa laini ndio kitamu", mwambie akirudishe.

Kuku ni kesi nyingine. Mjini kati kuna Chako ni Chako, mahali ambapo jina lake tu linamtosha dereva bajaji yeyote. Kuku wa kienyeji wa mikoa hii, Dodoma na jirani zake Singida, ana mifupa migumu na nyama nyembamba yenye ladha. Huchemshwa kwanza kwa chumvi na tangawizi kisha humaliziwa kwenye moto au mafuta. Mshike mguu: wa kisasa unang'oka ukivuta, wa kienyeji unakulazimu kukata. Ukiambiwa ni wa kienyeji na mfupa ukatafunika kama biskuti, umelipa bei ya kienyeji kwa kuku wa kisasa.

Juni na Julai beba sweta. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na upepo wa usiku wa miezi hiyo unafupisha kikao cha bustani. Watu wa Pwani hushtuka kila mwaka.

Kuhusu kutazama, Area D ina faida ambayo Kisasa haina: vilima vya mawe upande wa Mlimwa, hasa ule unaoitwa Lion Rock. Panda kuanzia saa kumi na nusu jioni, uwe umeshuka kabla ya saa kumi na mbili na nusu, kwa sababu giza linaingia haraka na mawe yanateleza kwa changarawe. Viatu vya kufunga, maji lita moja na nusu kwa mtu, na mwenyeji wa kukuongoza, maana njia si moja. Ukishuka uko jirani na meza yako ya nyama, na agizo ulilotoa saa kumi linakusubiri.

Jumamosi: Msalato

Siku hii tunafuta ratiba nyingine zote. Mnada wa Msalato, kando ya barabara ya Arusha, takriban kilomita 12 kutoka mjini, ni soko la mifugo na la vitu vyote: mbuzi, ng'ombe, vitenge, majembe, vyungu, viatu, dawa za asili, ubuyu, karanga. Wafugaji wanafika asubuhi na mifugo, wachuuzi wanatandika, na pembeni safu za majiko zinaanza kuwaka.

Mwenye kuuza mbuzi yuko hatua chache kutoka kwa anayemchoma, na hiyo ndiyo tofauti kubwa na Area D. Nyama haijasafiri wala haijakaa kwenye jokofu. Lakini upya huo una upande wa pili: nyama iliyochinjwa muda huohuo, ikiwekwa motoni ingali na joto lake, inakaza. Ndiyo maana kufika saa mbili asubuhi hakukupi nyama bora. Subiri. Saa nne tembea mnadani, tazama biashara ya mifugo, saa tano na nusu ndipo uagize. Nyama imepumzika, mkaa umeshakuwa mwekundu bila moshi mweusi, na foleni bado fupi. Kuanzia saa saba watu ni wengi na mchomaji anaharakisha.

Namna ya kuagiza: tafuta kwanza mhuri wa mkaguzi wa nyama, alama ya wino juu ya mwili wa mnyama. Hakuna mhuri, usinunue, hata kama bei inavutia. Pili, chagua kipande kikiwa kimening'inia, si kilichokwisha kukatwa juu ya meza yenye nzi. Tatu, kubalianeni bei ya nyama pamoja na uchomaji na kachumbari. Kuna wanaozihesabu mbalimbali na mzozo unakuja mwisho. Nne, kaa karibu na jiko lako. Vipande vya watu kumi vinafanana vikiwa vyeusi. Wachomaji makini hukuwekea kijiti au kukata alama kwenye mfupa. Mwombe afanye hivyo. Kama unakula halali, uliza nani amechinja kabla ya kulipa.

Kachumbari ikatwe mbele yako na ioshwe kwa maji safi; tumbo la Jumapili mara nyingi ni la kachumbari, si la nyama.

Salamu pale zinafungua milango. "Mbukwenyi" kwa kundi la wazee Wagogo, ukiisema kwa unyenyekevu na kusimama kidogo, inakubadilisha kutoka mpita njia kuwa mgeni. Mzee mwenye fimbo na mbuzi wake usimpige picha kwanza kisha ukaomba. Pombe za kienyeji za mtama na uwele zipo. Ukikaribishwa, onja kwenye chombo ulichokiona kikioshwa, na kinywaji kilichochachuka sana kiache. Gongo usiguse kabisa.

Gharama ya Msalato iko kwenye kurudi. Kwenda unapata daladala kwa urahisi. Kuanzia saa kumi jioni kila mtu anataka kurudi pamoja na magunia yake. Ondoka saa tisa, au kubaliana na bajaji ikusubiri na bei ijulikane tangu mjini. Beba kofia, kitambaa cha vumbi, na noti ndogondogo. Fedha nyingi usiweke mfuko wa nyuma.

Watoto wadogo na wazee wasioweza jua? Area D Jumamosi jioni itawafaa zaidi. Lakini mtu mzima mwenye Jumamosi moja tu Dodoma akaitumia kwingine, amekosa kitu ambacho bustani yoyote mjini haimpi.

Mvinyo: glasi mjini au shamba kijijini

Dodoma ndiyo nchi ya zabibu Tanzania, na wengi huondoka wameonja dompo tu. Dompo ni mvinyo mtamu mzito, una watu wake, lakini usiupime mvinyo wa Dodoma kwa huo peke yake. Uliza mvinyo mkavu mwekundu wa zabibu ya Makutupora, au mweupe wa Chenin Blanc, na uombe chupa ifunguliwe mbele yako. Kwenye baa nyingi chupa iliyofunguliwa Ijumaa inamiminwa bado Jumatatu, imesimama juu ya kaunta yenye joto, na inanuka siki. Mwekundu hapa uombe upoe kidogo: joto la chumba la mchana wa Novemba linaua ladha yake.

Mjini kati na Area D ndizo zenye uwezekano mkubwa wa chupa hizo. Kisasa ni bia.

Kwenda shambani ni jambo la siku nzima na la miadi. Upande wa barabara ya Iringa kuna Bihawana, misheni ya Kikatoliki inayohusishwa na historia ndefu ya zabibu, kisha Mpunguzi mbele yake. Kaskazini-mashariki kuna Hombolo, yenye bwawa na mashamba. Kwenye barabara ya Arusha, ukipita Msalato, kuna kituo cha utafiti cha Makutupora. Ukichagua moja, aliyelala upande wa Kikuyu au Mkonze achukue Bihawana. Anayetaka maji ya bwawa na safari ndefu achukue Hombolo. Makutupora ni kwa anayetaka kujifunza kilimo chenyewe, na ni lazima apeleke ombi mapema.

Mzabibu hapa unavunwa mara mbili kwa mwaka, kwa sababu mkulima ndiye anayeuamsha kwa kuupogoa, na takriban miezi minne baadaye zabibu zinaiva. Mavuno ya kwanza huangukia karibu na Machi, ya pili Agosti na Septemba. Ya Machi yamekua kwenye mvua: maji mengi, sukari pungufu, na magonjwa ya ukungu. Ya kiangazi ni matamu. Mtu akikuuliza mwezi wa kuja Dodoma kwa ajili ya mvinyo, mwambie Agosti, na kama ataweza kufika wiki ya Nanenane, maonesho ya wakulima ya mwanzoni mwa mwezi huo, viwanja vya Nzuguni vinakuwa na mabanda ya wakulima na wasindikaji mahali pamoja. Hilo linakuokolea safari tatu za vijijini.

Majina yanayopoteza watu

Chamwino ni mbili. Moja ni kata ndani ya jiji, jirani na Chang'ombe; nyingine ni Chamwino yenye Ikulu, mji wa wilaya nyingine kwenye barabara ya Dar es Salaam. Tamasha la muziki wa Wagogo, lenye zeze, ilimba na akina mama wanaopiga ngoma za muheme, hufanyika Chamwino ya Ikulu, kawaida mwezi wa Julai. Ukimwambia bajaji "Chamwino" tu, utapelekwa ya karibu. Chinangali nayo: kuna bustani ya mapumziko mjini, na kuna kijiji chenye shamba la zabibu wilayani Chamwino.

Picha za majengo ya Bunge, kambi na Ikulu usipige. Kuingia Bunge kama mtazamaji kunawezekana vikao vikiendelea. Beba kitambulisho, vaa kwa heshima, simu utaiacha nje. Michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia 2006, iko mbali kiasi kwamba inataka siku yake, mlo wa Kondoa njiani, na kuondoka Dodoma saa kumi na mbili asubuhi.

Zabibu za kupeleka nyumbani zinunuliwe asubuhi ya kuondoka, si jana yake. Tazama kikonyo: kiwe kijani na kigumu, kikiwa cha kahawia kishada kina siku mbili au tatu. Unga mweupe juu ya ganda ni wa zabibu yenyewe, usidhani ni dawa, ila osha hata hivyo. Zinazouzwa barabarani nyingi ni za mvinyo, zina kokwa na ganda nene. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019, kwa hiyo njoo na kikapu au ndoo yenye mfuniko, tandika gazeti chini, panga vishada safu mbili tu, na usioshe mpaka ufike. Zilizooshwa kabla ya safari zinafika Dar zikiwa zimechacha.